Mgonjwa achague hospitali mwenyewe, hela ya serikali imfuate: hii kitu inasaidia kweli au tunadanganyana?

KalamuNyeusi (mleta mada)

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo nalimwaga hapa mnisaidie kulichambua. Kila nchi foleni za hospitali za umma zikizidi kuna hoja lazima iibuke: matibabu yaendelee kulipiwa na kodi au bima ya umma kama kawaida, ila mgonjwa asipangiwe pa kwenda, achague mwenyewe, na hela imfuate. Hospitali mbovu itakimbiwa, ikikimbiwa mapato yanapungua, yakipungua wakubwa wake wanaamka usingizini. Ukiisikia mara ya kwanza ni tamu kweli, unajiuliza tulichelewa wapi.

Mi nilikuwa shabiki wa hii hoja. Siku hizi ni shabiki mwenye masharti, na sharti langu la kwanza ni hili: hospitali zisiruhusiwe kabisa kugombea wagonjwa kwa bei. Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo mawili.

Uingereza walianza mchezo huu 1991. Walitenganisha wanaonunua huduma na wanaotoa huduma, wote wa serikali, afu wakaambiwa haya elewaneni bei. Sasa aliyeshika hela anaona nini? Anaona bei, anaona mgonjwa kasubiri miezi mingapi, basi. Ubora hauoni, miaka ile hata vifo vya kila hospitali vilikuwa havitangazwi. Kwahiyo hospitali zikakazana kwenye vile vinavyoonekana. Mchumi Carol Propper na wenzake waliporudi kuzichambua takwimu za miaka hiyo ya 90 wakakuta penye ushindani mkali foleni zilipungua kweli, ila waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walikuwa wanakufa zaidi kuliko penye ushindani mdogo. Yaani sebule ilipakwa rangi na jikoni paa linavuja.

Miaka ya 2000 wakarudi tena kivingine. Bei ikapangwa kutoka juu, goti bei hii, nyonga bei hii, popote utakapotibiwa, na kuanzia Januari 2006 ukipewa rufaa unatajiwa hospitali nne au tano uchague, kufika 2008 ikawa yoyote ile ilimradi imeikubali bei. Safari hii matokeo yakageuka. Tafiti mbili zilizofanywa na watu tofauti zikasema vifo vya mshtuko wa moyo vilipungua haraka zaidi kule kwenye hospitali nyingi za kuchagua. Nchi ileile, ugonjwa uleule, kilichobadilika ni kile kinachogombewa.

Haya karibuni. Matusi hapana.

mpita_njia

Nimekaa siti ya mbele kabisa.

Nesi_wa_Zamu

Mleta mada umeongea vizuri ila umeanzia ghorofani, ngoja mi nianzie chini. Niko wodi ya upasuaji mwaka wa kumi na kitu sasa. Ukiniambia wagonjwa watatukimbia waende kwingine nitakujibu wakimbie hata leo tupumue! Hakuna meneja anayetetemeka eti kapoteza wagonjwa ishirini wakati nje kuna mia wanaisubiri nafasi hiyohiyo. Kitanda kikiachwa saa nne saa tano kina mtu.

Na hiyo hospitali nzuri wanayoikimbilia nayo ina vitanda vilevile, thieta zilezile, madaktari wa usingizi walewale wawili. Wakihamia wote kule na foleni inahamia kule. Kuna kipindi kliniki yetu ya magoti ilisifiwa sana, miezi michache tu tukawa ndio wenye foleni ndefu kuliko majirani wote, na wale wagonjwa wetu wa siku zote wakajikuta wako nyuma ya wageni. Walikuja kutulalamikia sisi manesi, kana kwamba sisi ndio tuliojisifu.

KalamuNyeusi

Nesi hapo umenipiga na kitu kizito na nakubali. Bila nafasi ya ziada mahali fulani, kuchagua ni kuchagua foleni ya kusimama.

Ila nikuongezee mfano unaokuunga mkono. London kati ya 2002 na 2004 walifanya majaribio, mgonjwa aliyesubiri upasuaji karibu miezi sita, mtoto wa jicho na mambo kama hayo, anaulizwa: unataka uendelee kusubiri hapa au uende hospitali ile utibiwe mapema? Takriban theluthi mbili ya walioulizwa walisema twende. Wakati kwenye utaratibu wa kawaida uliokuja baadaye wengi waliishia kuchagua hospitali ya karibu na nyumbani, ileile ambayo wangepelekwa tu. Tofauti ni nini? Kule kwenye majaribio nafasi ilitengwa kwanza ndipo mtu akaulizwa, kulikuwa na mtu maalum wa kumweleza mgonjwa kila kitu na usafiri analipiwa. Walimpa safari kamili, siyo karatasi yenye majina matano.

Denmark nao, tangu 1993 mtu anaweza kwenda hospitali yoyote ya umma, ila 2002 wakaongeza meno: ukisubiri zaidi ya miezi miwili unaruhusiwa kwenda binafsi serikali inalipa. 2007 wakaishusha ikawa mwezi mmoja. Hii mi naipenda maana haki ya kuondoka imefungwa kwenye saa. Hospitali ikikuchelewesha, yenyewe ndio imekufungulia mlango.

MhasibuMtulivu

Naomba nimwage maji kidogo kwenye huo moto wa bei iliyopangwa. Bei moja kwa nyonga moja ni wastani, na wastani ni mwaliko wa kuchagua wagonjwa. Njooni tuhesabu. Yupo mtu wa miaka 60, mwembamba, hana ugonjwa mwingine, anatoka siku ya tatu anatembea. Yupo mwingine ana sukari, moyo unasuasua, figo nusu nusu, atalala wiki mbili na huenda akapita ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mnalipwa sawa. We ungekuwa mwenye hospitali ungemtaka nani?

Uingereza kuanzia 2003 walileta vituo binafsi vya upasuaji mwepesi kupunguza foleni. Vingi havikuwa na ICU kwahiyo kwa usalama kabisa wala sio kwa ubaya vikawa vinachukua wale wepesi tu. Hospitali kubwa ikabaki na wazito kwa bei ileile ya wastani, ambao sasa sio wastani tena. Juu ya hapo mikataba ya mwanzo ililipa vile vituo hata wagonjwa wasipofika kwa idadi iliyotarajiwa. Huo ni ushindani gani ambao mmoja akifungwa bado anapewa kombe?

Halafu kuna kitu mnakisahau wote. Thieta ya dharura saa tisa usiku imewashwa taa, watu wamekaa, wanamsubiri mgonjwa ambaye labda hatakuja. Ule usubiri ni gharama. Ukilipa kwa kila kesi hakuna anayeununua usubiri. Ujerumani walihamia malipo ya kila kesi mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadaye lawama zikawa hospitali zinasukuma upasuaji unaolipa, manesi wanabanwa, hospitali ndogo zinakufa, ikabidi gharama za manesi zitolewe kwenye hiyo bei 2020 na 2024 wakapitisha sheria ya kulipia sehemu kubwa ya utayari wenyewe bila kujali kesi ngapi zimeingia.

KalamuNyeusi

Mhasibu, si bei inaweza kurekebishwa kufuata uzito wa mgonjwa? Mwenye magonjwa matatu alipiwe zaidi.

MhasibuMtulivu

Inaweza. Na siku ukitangaza hivyo kesho yake kila mgonjwa ana magonjwa matatu kwenye makaratasi. Nimefanya kazi ya kupitia mafaili ya madai, najua ninachosema, kuna mtu aliingia na kidole kikatoka na faili nene kama la mahakamani.

mpita_njia

😂😂 kidole chenye presha

Bi_Mkubwa

Wanangu mnaongea lugha ya takwimu, mimi nina mama yangu. Ana sukari miaka mingi, presha, na sasa macho. Yeye huyo "mteja" wenu hachagui hospitali mara moja kama anayekwenda kubadilisha goti. Anaonana na kliniki ya sukari, ya macho, ya miguu, na mwezi ujao anaanza tena. Anachotaka ni daktari mmoja anayemkumbuka asianze kusimulia upya tangu alipoanza kuumwa. Kila mkileta ushindani kliniki hizi zinakuwa za watu tofauti, hii haina majibu ya ile, ile haijui dawa za hii, na anayebeba karatasi kutoka moja kwenda nyingine ni mimi. Ushindani wa kliniki zisizoongea ni mzigo wa mtoto wa mgonjwa.

Na huyo mwenye uwezo wa kuchagua ni nani? Ni aliyesoma, mwenye simu nzuri, mwenye gari, mwenye bosi anayempa ruhusa. Mama yangu hospitali ya mbali hata iwe ya dhahabu ni ya mbali.

KalamuNyeusi

Bi Mkubwa shikamoo, nimekuelewa vizuri na kwa magonjwa ya muda mrefu sina ubishi, hapo ushirikiano unashinda ushindani mchana kweupe. Uingereza wenyewe kwa sheria yao ya 2022 wameondoa ile lazima ya kushindanisha watoa huduma kwa zabuni na wamezisukuma taasisi za eneo moja zipange pamoja, ila haki ya mgonjwa kuchagua wakaiacha palepale. Ona walivyotenganisha hivyo vitu viwili.

Kwenye usawa ngoja nibishe kidogo kwa heshima zote. Zamani, kabla ya kuchagua kuwa haki rasmi, nani alikuwa anachagua? Aliyemfahamu daktari. Aliyesoma naye shule. Yule yule mwenye gari. Kuna utafiti wa wagonjwa wa baipasi ya moyo (upasuaji wa kuipa damu njia mpya ikwepe mshipa wa moyo ulioziba) kule Uingereza ulikuta kwamba baada ya 2006 wagonjwa walianza kuzikwepa hospitali zenye vifo vingi kuliko walivyokuwa wanafanya mwanzo, na waliobadilika zaidi ni wale wagonjwa sana. Kwahiyo sio kweli kwamba mlango ukifunguliwa wanapita wajanja tu. Ila usafiri, hapo umesema kweli tupu.

Bi_Mkubwa

Marahaba. Baipasi anafanyiwa mtu mara moja, ndugu zake wote wanakusanyika wanasoma na kuulizia. Kliniki ya miguu hakuna anayekusanyika.

DaktariKivuli

Nimesoma kimyakimya nimeshindwa kuvumilia. Mnavyosema mgonjwa azikwepe hospitali zenye vifo vingi, mnajua sisi tukiambiwa vifo vyetu vinatangazwa tunafanya nini? New York mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kutangaza vifo vya upasuaji wa baipasi, kwanza kwa hospitali baadaye mpaka kwa jina la daktari mpasuaji. Wachumi waliokuja kuchunguza wakakuta upasuaji ulihamia kwa wagonjwa wenye afya nafuu na wale hoi wakaathirika zaidi. Hakuna aliyeandika "nimekataa mgonjwa". Unaandika "hafai kwa upasuaji kwa sasa", unampa dawa, unamrudisha. Nimeshakaa kwenye kikao cha namna hiyo, hakuna mtu mbaya mle ndani, kila mmoja ana sababu nzuri ya kitaalamu, na mgonjwa anarudi nyumbani.

Na hizo tafiti zako mbili mleta mada, kina Allyson Pollock, profesa wa afya ya jamii kule Uingereza, walizipinga hadharani 2011. Hoja yao nyepesi tu.

mpita_njia

Ngoja nidakie, mi nilikuwa nataka kuuliza tangu juu. Mtu wa mshtuko wa moyo anachaguaje hospitali, yuko kwenye ambulansi kashika kifua anasema nipelekeni ile yenye nyota tano?

DaktariKivuli

Umemaliza. Hiyo ndiyo hoja yao.

KalamuNyeusi

Haha sawa, swali halali na ndilo kila mtu anauliza. Jibu la wale watafiti ni hivi. Mgonjwa wa mshtuko hachagui, anapelekwa pa karibu, na ndio maana wanamtumia yeye kama kipimajoto. Ukipima kwa wale waliochagua hutajua hospitali imeboreka au imejichukulia wagonjwa wepesi. Ukipima kwa yule aliyeletwa bila kuulizwa, akipona zaidi maana yake kuna kitu kimebadilika hospitali nzima, usimamizi, zamu, nidhamu ya kazi. Mkisema kipimajoto kinaweza kuonyesha joto lililotoka kwingine, sawa, inawezekana, maboresho ya matibabu ya moyo yalikuwa yanaendelea kipindi hichohicho. Sitakufa na hizo namba mbili.

Ila kuna utafiti wa tatu huu nauhusudu kwa ujanja wake. Shida ya kupima ushindani ni kwamba hospitali nyingi ziko miji mikubwa, na miji mikubwa ina mambo yake mengine. Sasa Uingereza hakuna mbunge anayetaka hospitali ifungwe kwenye jimbo ambalo alishinda kwa kura chache, akiiachia ifungwe kaaga. Kwahiyo majimbo yenye ushindani wa kisiasa yakabaki na hospitali nyingi kuliko kawaida kwa sababu zisizohusiana na afya kabisa. Wakatumia hiyo. Wakakuta penye hospitali nyingi kwa bahati hiyo ya kisiasa, uongozi wa hospitali ni bora zaidi, namna ya kuweka malengo, kufuatilia kazi, kupandisha wanaofanya vizuri. Hapo ndipo nilipobadilika kifikra: ushindani ukifanya kazi unafanya kazi kwenye ofisi ya meneja, sio kwenye kichwa cha mgonjwa. Wagonjwa wachache wakiweza kuondoka inatosha, wengine wote wakae palepale.

Nesi_wa_Zamu

Ikitegemea meneja ana nafasi ya kuogopa. Narudi palepale.

KitiChaNyuma

Mi ni mfuasi wa mchumi Albert Hirschman kwenye hili. Yeye 1970 alisema mtu akikerwa na chombo ana njia mbili, aondoke au apaze sauti. Kosa la wapenda soko ni kudhani kuondoka hakuli sauti. Kunaila. Wanaotangulia kuondoka ni walewale wenye ulimi, wanaojua kuandika barua, wanaojua mkubwa anakaa mlango gani. Wakishahama, waliobaki ni wasio na pa kulalamikia na hospitali inakuwa na amani kuliko zamani huku ikizidi kuoza.

Angalieni ya hospitali ya Stafford, Uingereza hukohuko anakokutaja mleta mada. Kati ya 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa na kiu, waliachwa kwenye uchafu wao, na haki ya kuchagua ilikuwepo tangu 2006! Hospitali haikuanguka kwa kukimbiwa. Iliyowaumbua ni ndugu wa marehemu waliokusanyika wakapiga kelele miaka, pamoja na takwimu za vifo ambazo wakaguzi walizishtukia, mpaka ikafika ripoti ya uchunguzi ya wakili Robert Francis 2013. Na kilichowafanya wapunguze manesi mle ndani ni nini? Walikuwa wanayapendezesha mahesabu ili wapate hadhi ya hospitali inayojitegemea, hadhi iliyobuniwa hasa kwa ajili ya huo ushindani wenu. Na waliipata, 2008, katikati ya hayo yote.

KalamuNyeusi

Hii sina jibu lake la kujitetea. Stafford ni doa.

Naweza kusema tu kwamba kabla ya kuchagua watu walikuwa wanalalamika pia na hawasikilizwi. Sauti bila mlango wa kutokea nayo wanaizoea. Mkubwa anayejua huna pa kwenda anakusikiliza huku anakunja karatasi zake.

MhasibuMtulivu

Kwahiyo kwa mpangilio huu mleta mada umebakiwa na nini? Nakuhesabia: upasuaji wa kupanga tu, bei ipangwe, nafasi iwepo kabla, usafiri ulipiwe, wagonjwa wazito walindwe wasikataliwe, sukari na presha usiguse, dharura usiguse. Shati umeliuza umebaki na kifungo.

KalamuNyeusi

Kifungo hicho ni maelfu ya watu wanaosubiri mtoto wa jicho wakiwa hawaoni, mkuu. Mi nakichukua. Mtu aliyepofuka miezi minane kwa kitu cha nusu saa, ukimwambia tunajenga mfumo wa ushirikiano vumilia, hakuelewi.

DaktariKivuli

Hapo sasa nakuunga mkono. Mtoto wa jicho, nyonga, goti, ngiri. Wagonjwa wanafanana, matokeo yanaonekana, kazi inarudiwarudiwa. Ila niongeze sharti: kituo kinachowachukua wepesi kiwajibike pia mambo yakiharibika. Sio mnapasua Ijumaa, mgonjwa akipata usaha Jumapili anakuja kwangu dharura na nyie simu imezimwa. Imenitokea mara ngapi.

Nesi_wa_Zamu

Daktari hapo piga mstari wa wino mwekundu. Na mafunzo. Madaktari wanaojifunza wanajifunzia kwenye hizo kesi nyepesi. Zikihamishwa zote, yule kijana anakuja kuona nyonga yake ya kwanza ni ya mgonjwa mwenye figo nusu nusu wa Mhasibu.

mpita_njia

Huyu mgonjwa wa Mhasibu tumchangie jamani.

Bi_Mkubwa

Wanangu nirudi kidogo. Wiki iliyopita wamenipigia kuhusu macho ya mama, na kumbe ni hii hii mnayoizungumza. Hapa kwetu tusubiri miezi saba au twende hospitali nyingine nafasi ipo baada ya siku kumi na mbili, malipo yaleyale. Nikauliza usafiri, wakasema hauhusiki. Nikauliza baada ya upasuaji nani atamwangalia, wakasema arudi kulekule siku ya kwanza na wiki ya kwanza. Safari tatu hizo.

Nimekubali, kwa sababu mdogo wangu ana gari na yuko likizo. Jirani yetu mmoja naye alipigiwa, macho yaleyale, yeye kasema atasubiri.

KalamuNyeusi

Mama apone haraka Bi Mkubwa. Huyo jirani hamuwezi kupanda naye gari moja?

Bi_Mkubwa

Wamepangiwa tarehe tofauti. Nitapiga kesho niwaulize kama wanaweza kuwaweka siku moja.